Kwa Mwendo wa Walio Nyuma

Katika usharika wetu hapa Mishamo, ubao wa matangazo ulisema ibada ya Jumapili huanza saa tatu asubuhi. Kwa miaka mingi haikuanza saa tatu. Ilianza pale mzee mmoja wa kanisa aliporidhika kwamba bibi zetu wa upande wa mtoni wamefika. Kengele yetu ni ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye mwembe, na nyundo yake ilikaa mkononi mwa Mzee huyo. Alisimama mlangoni akitazama njia inayopita katikati ya mashamba ya mihogo. Akiona kitenge kwa mbali, alisema, "Yule bado." Basi tukangoja. Mara nyingi saa nne ilipita tukiwa kwenye mabenchi, kwaya imejipanga, Mchungaji amevaa joho, na kengele ya pili haijapigwa.

Sisi vijana tulichoka. Tulisema kwamba Mungu anapenda utaratibu, na kwamba mtu asiyeweza kuwahi na aamke mapema. Tukaomba chumba cha chekechea, tukaanza kukutana humo saa moja kamili. Mwanzoni tulisema ni mazoezi ya kwaya. Baada ya miezi mitatu tulikuwa na mhubiri wetu, sadaka yetu na daftari letu la mapato. Wazee walinyamaza. Tulipokutana nao kisimani au sokoni, salamu zilikuwa fupi. Usharika ulikuwa umepasuka, na hakuna aliyethubutu kulitaja neno hilo.

Wapendwa, tunaandika haya kueleza jinsi Bwana alivyotushona tena, na jinsi alivyolitumia Ziwa Tanganyika kuwa sindano yake.

Wazo la safari lilitoka mbali. Mwenzetu mmoja aliyekulia katika kwaya yetu, ambaye sasa anaishi Winnipeg, Kanada, alitutumia ujumbe wa sauti mwanzoni mwa mwaka 2022. Alisimulia kwamba huko kuna watu wanaopiga makasia kwa wiki nyingi wakifuata njia za kale za biashara ya manyoya. Zamani Ulaya ilitaka sana manyoya ya biva, mnyama wa majini, kwa ajili ya kutengeneza kofia. Wapiga makasia waliondoka karibu na Montreal kwa mitumbwi ya magome ya mti, wakapita mito na maziwa hadi ndani kabisa ya bara. Penye maporomoko walishusha mizigo na kuibeba mgongoni, kila mtu mafurushi mawili, na kila furushi lilikuwa na uzito wa kilo 40 hivi. Mwaka 1967, Kanada ilipotimiza miaka 100, timu 10 zilishindana kwa mitumbwi katika njia hizo kwa siku 104, zaidi ya kilomita 5,000. Mwisho wa ujumbe akauliza, "Ninyi mnaishi karibu na ziwa refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani. Njia yenu ni ipi?"

Swali hilo lilitukaa. Kutoka Mishamo ziwa halionekani. Kati yetu na maji kuna misitu na milima ya Utongwe. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kushika kasia. Lakini mmoja wetu ni mwalimu wa historia, naye akatuonyesha kwamba njia ipo.

Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mji wa soko na bandari ya pembe za ndovu. Pembe zilivushwa kwa mitumbwi kutoka upande ambao leo ni Kongo, zikapelekwa Unyanyembe karibu na Tabora, kisha Bagamoyo na Zanzibar. Ulaya na Marekani zilizitaka kwa vinanda na mipira ya mchezo wa biliadi, kama zilivyotaka manyoya kwa kofia. Lakini njia yetu ilikuwa na jambo la kutisha zaidi: mitumbwi hiyohiyo ilibeba watu waliofungwa, nao wakihesabiwa kama mzigo.

Katika njia hiyo walipita David Livingstone na Henry Morton Stanley. Baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, waliondoka tarehe 27 Desemba kwa mitumbwi miwili, mmoja ukiwa na bendera ya Uingereza na mwingine ya Marekani. Walielekea kusini wakifuata ufuko, ili kukwepa hongo za njia ya Uha na vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe. Mwanzoni mwa Januari 1872 waliiacha mitumbwi kwenye pwani ya Utongwe, wakaenda mashariki kwa miguu wakipita nchi ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wetu wa Katavi. Tarehe 18 Februari wakafika Unyanyembe.

Mwalimu wetu akaandika ubaoni miaka miwili: 1872 na 1972. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ule wa pili. Ni mwaka ambao wazazi na babu zetu waliikimbia Burundi wakati wa mauaji, wengine kwa miguu na wengine kwa mitumbwi usiku katika ziwa hilohilo. Walipokelewa Kigoma, wengi wakapelekwa Ulyankulu, na kuanzia mwaka 1978 wakaletwa huku Mishamo kufyeka msitu na kujenga vijiji. Baadaye zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa uraia wa Tanzania, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Mwaka 2022 ulikuwa miaka 150 tangu safari ile ya kwanza, na miaka 50 tangu ya pili. Tuliona kama Mungu ametuandikia tarehe.

Tutaungama kwamba hatukuwa na nia safi. Mfanyabiashara mmoja wa Mpanda alisikia mpango wetu, akaahidi mabati 80 kama tungetoka Ujiji kwa mtumbwi na kufika Mishamo kwa miguu ndani ya siku 10. Mabati hayo hayakuwa ya kanisa la wote. Tulitaka kuezeka kanisa letu la vijana. Kila siku ya kuwahi ingekuwa hatua ya kuachana na wazee kabisa.

Mchungaji alikubali kutubariki kwa sharti moja: mzee wa kanisa aende nasi. Akajitokeza Mzee wa kengele. Alikuwa na miaka 62. Tulitazamana. Mtu aliyetuchelewesha kila Jumapili sasa angetuchelewesha hadi ziwani.

Tulikuwa wanane: vijana sita, Mzee, na nahodha, mvuvi wa Ujiji aliyekubali kutuongoza na mtumbwi wake wa mbao. Tulifanya mazoezi Ujiji wiki nzima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nahodha alikagua majaketi ya kuokolea maisha moja baada ya jingine, akatuonya juu ya upepo wa kusi, ambao mwezi wa Julai huvuma ukitokea kule tulikokuwa tunaelekea. "Mtapiga makasia kumi kupata matano," alisema.

Siku ya kuondoka tulisimama penye jiwe la kumbukumbu la Ujiji, chini ya miembe. Mwalimu alitukumbusha kwamba Livingstone alirudi hapo Oktoba 1871 akiwa amevunjika moyo. Tarehe 15 Julai mwaka huo, katika soko la Nyangwe huko Kongo, aliona watu wa wafanyabiashara wa utumwa wakiwapiga risasi wanawake na watoto waliokuja kuuza vyakula. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni. Aliyaandika yote. Barua zake zilipofika Uingereza ziliongeza nguvu ya wale waliodai soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, nalo likafungwa mwaka 1873. Mzee alisikiliza akiwa ameshika kofia mkononi. Aliuliza swali moja tu: "Aliandika mara ile ile, au alikaa nalo kwanza?" Mwalimu akajibu kwamba aliandika katika siku zilezile. Mzee akatikisa kichwa, akashuka kwenda majini.

Siku ya kwanza tulifika karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, upande wa Ilagala. Siku ya pili tulilala Sunuka. Tuliondoka alfajiri wakati maji yametulia, tukaimba nyimbo za kwaya ili makasia yaingie majini pamoja. Kwenye mtumbwi mtu hawezi kwenda kwa mwendo wake. Akiwahi peke yake anamgonga wa mbele, akichelewa anagongwa. Mzee alikaa katikati akipiga kasia taratibu bila kukosa pigo hata moja, nasi tuliona kwa mshangao kwamba jioni alikuwa hajachoka kama sisi. Usiku ziwa lilijaa taa za wavuvi wa dagaa, ungedhani mji umejengwa juu ya maji. Chini yetu kulikuwa na maji ambayo mahali pengine yana kina cha karibu mita 1,470. Tulijivuna. Tulihesabu siku na kuona mabati yanakuja.

Siku ya tatu tuliipita Sigunga. Jioni, kwenye mwalo mdogo wa wavuvi, mdogo wetu kuliko wote, mpiga ngoma wa kwaya, alishuka mtumbwini akitetemeka. Usiku homa ilipanda. Asubuhi tulimpeleka zahanati kwa pikipiki, wakampima na kumkuta na malaria, wakampa dawa mseto ya siku tatu. Muuguzi alisema asipige kasia wala kukaa juani mpaka amalize dozi.

Tulikaa chini ya mti, tukapiga hesabu. Siku tatu za kungoja zingeyaondoa mabati yote. Mvuvi mmoja na mkewe walikuwa tayari kumtunza mgonjwa kwao, na boti za abiria hupita. Akipona angeweza kutufuata au kurudi Kigoma. Tungeacha fedha za chakula na dawa. Hatukuona ubaya. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono, na sisi vijana watano tuliokuwa wazima tukakubaliana tuondoke. Mgonjwa mwenyewe alisema, "Niacheni, nitawakuta." Nahodha alisema yeye atafuata uamuzi wa kundi.

Mzee hakunyoosha mkono. "Mimi nabaki naye," alisema. "Ninyi nendeni."

Hapo hasira zetu za miaka zikatoka. Mmoja wetu alimwambia maneno ambayo hatutayaandika hapa. Jingine tunaliandika kwa sababu ndilo lililofungua mlango. Alisema, "Babu, kwa nini kila mahali ni lazima utukalishe tumngoje mtu?"

Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili nahodha naye aelewe:

"Wanangu, mwezi wa Mei mwaka 1972 nilikuwa na miaka 12. Kwetu kulikuwa kwenye vilima juu ya Nyanza-Lac. Baba alipata mtumbwi wa mvuvi, tukateremka usiku. Ulikuwa mtumbwi wa watu wanane, tukaingia kumi na watano. Shangazi yangu, tuliyemwita Masenge, alikuwa na mguu mfupi tangu kuzaliwa. Alibaki nyuma kwenye kilima. Baba aliniambia nirudi nikatazame kama anakuja. Nilipanda hatua chache gizani. Nikamsikia akiniita jina langu, kwa sauti ya chini, askari wasimsikie. Aliniita mara mbili. Niliogopa. Nilirudi mbio, nikamwambia Baba, 'Haonekani.' Ilikuwa kweli, sikumwona. Lakini nilimsikia. Mwenye mtumbwi akasukuma, tukaondoka."

Alinyamaza tena.

"Hatukupata habari zake mpaka leo. Baba alikufa Ulyankulu akiamini kwamba dada yake hakuwa ameifikia njia. Sikumwambia. Mke wangu amezikwa, sikumwambia. Nimeitwa mzee wa kanisa, nimewaombea wagonjwa, nimebeba sadaka, na sikumwambia mtu."

Mgonjwa wetu alikuwa amelala kwenye jamvi karibu naye. Alinyoosha mkono akamshika. "Babu," alisema, "ulikuwa mtoto."

"Najua," Mzee akajibu. "Hilo nimejiambia kila siku. Lakini aliniita mimi."

Hakuna aliyepiga kura tena. Tulikaa siku tatu.

Tumejiuliza mara nyingi ni nini kilitokea chini ya mti ule. Hatukuwa na mamlaka ya kumsamehe Mzee kwa niaba ya shangazi yake. Wala hatukuona haki kumwambia kwamba si kitu, maana kwake kilikuwa kitu kwa miaka hamsini. Tulichoweza ni kukaa naye. Daudi, katika Zaburi ya 32, anasimulia jinsi kunyamaza kulivyomlemea mpaka mwilini, na jinsi alivyopata nafuu siku alipoacha kumficha Mungu neno lake. Zaburi hiyo tulikuwa tumeisoma kanisani mara nyingi tukidhani ni ya wenye dhambi kubwa za watu wazima. Hatukufikiri kwamba mtoto wa miaka 12 anaweza kuibeba mpaka mvi zimtoke, akiwa mlangoni mwa kanisa letu na nyundo mkononi.

Ndipo tukaona mlango ule kwa macho mengine. Bibi zetu wa upande wa mtoni hutembea polepole. Mmoja wao anachechemea. Kila Jumapili Mzee alikuwa akitazama kilima.

Asubuhi ya pili pale mwaloni alituomba tusome Mwanzo sura ya 33. Yakobo amerudi kutoka ughaibuni baada ya miaka mingi, anamwogopa ndugu yake Esau aliyemdhulumu. Esau anamkimbilia na kumkumbatia, wanalia pamoja. Kisha Esau anataka waondoke wote pamoja. Yakobo anakataa kwa upole: watoto ni wachanga, na mifugo inanyonyesha, wakiharakishwa siku moja tu kundi litakufa. Atakwenda taratibu, kwa kadiri wanavyoweza watoto na wanyama walio mbele yake. Sote tuliijua sehemu ya kukumbatiana. Hii ya mwendo hatukuwahi kuisikia ikihubiriwa.

Mzee alituambia jambo jingine. Katika Kirundi cha wazazi wetu, "buhoro buhoro" ni polepole, na "amahoro" ni amani. "Sikieni yanavyofanana," alisema. "Maneno haya ni ndugu." Baadhi yetu Kirundi chetu ni cha kusikia jikoni tu, na tulikuwa tumeyatumia maneno yote mawili tangu utotoni bila kuyasikia yakiitana.

Siku ya saba mgonjwa alimaliza dawa, akapewa kazi ya kuchota maji kwa kopo badala ya kasia. Mbele yetu kulikuwa na Rasi ya Kabogo. Jina hilo liliogopwa na mabaharia wa zamani. Stanley aliandika habari za Kabogo ya upande wa pili wa ziwa, ambako watu walisikia ngurumo kama za radi, na waliovuka kwa mitumbwi walitupa shanga na nguo majini ili wapite salama. Mpiga ngoma wetu, aliyekuwa ameanza kurudiwa na utani wake, alisema hatuna shanga, labda tutupe daftari letu la mapato. Tulicheka, Mzee naye akacheka. Kisha akasema, "Hofu ukiilipa leo, kesho itarudi kudai tena. Mimi nimeilipa vya kutosha."

Kusi ilitukamata siku ya nane kabla hatujaizunguka rasi. Mawimbi yaliingia upande wa kushoto, nyimbo zikakatika, nahodha akapaza sauti tufuate hesabu yake tu. Kwa saa mbili hatukuona mti wa ufukoni ukibadilika. Mikono ilikufa ganzi. Mpiga ngoma alichota maji bila kuinua kichwa. Laiti tungemwacha nyuma, hatujui nani angeichukua kazi hiyo bila kuacha kasia. Hatusemi Mungu alimpa malaria ili atuokoe. Hatujui kuhesabu hivyo, na tunaogopa wanaojua. Tunasema tu kwamba tulimhitaji mtu ambaye tulikuwa tumepiga kura ya kumwacha.

Siku ya kumi tulifika Mgambo, kwenye pwani ya Utongwe. Tulivuta mtumbwi mchangani. Ile ndiyo siku tuliyopaswa kuwa Mishamo. Mwalimu alimpigia simu mfanyabiashara wa Mpanda, akamweleza kwamba tumechelewa. Alitupa pole, lakini ahadi ilikuwa ya siku kumi. Hatukumlaumu, alishika neno lake kama alivyolisema. Jioni ile tulikula migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo, na kwa mara ya kwanza katika safari hakuna aliyeuliza kesho tutafika wapi.

Tulimuaga nahodha, tukaanza kutembea kuelekea mashariki tukiongozwa na mwenyeji mmoja. Stanley aliandika kwamba katika nchi hii miguu ya Livingstone ilikuwa na vidonda, viatu vimeisha, na mzee yule alitembea hivyo hivyo. Sisi tulimweka Mzee mbele ya mstari. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Mwanzoni ilitubidi kuzuia miguu yetu, maana kijana hupenda kupita. Baadaye tulizoea. Kwa mwendo ule tuliona nyayo za wanyama, tulisikia ndege, tulizungumza. Mzee alitusimulia Ulyankulu, kisha Mishamo ya kwanza, mbung'o na simba, na jinsi watu walivyosali chini ya miti kabla kanisa halijajengwa. Tulikuwa tumewalaumu wazee wetu kwamba hawatuambii kitu. Kumbe hatukuwahi kutembea nao kwa mwendo unaoruhusu maneno.

Siku ya kumi na tano, kilomita chache kabla ya kijiji, tuliona watu njiani. Walikuwa bibi zetu wa upande wa mtoni. Walikuwa wamesikia kwamba tunakuja, wakaamka kabla ya mapambazuko, wakatembea kwa fimbo zao kuja kutupokea. Yule anayechechemea alikuwa nyuma ya wenzake. Mzee alipomwona aliacha mstari, akaenda mbio, kama mzee anavyoweza kukimbia, akamshika mkono, akatembea naye mpaka nyumbani. Hatujui alimwambia nini. Nyuso zao zote mbili zilikuwa na machozi.

Mzee aliomba muda, akaenda kwa Mchungaji na kumweleza mwenyewe yale aliyotueleza. Ametupa ruhusa ya kuyaandika hapa, kwa kuwa anasema huenda kuna mwingine wa umri wake anayesikia akiitwa jina usiku. Kama ni wewe, ndugu msomaji, tafuta mtu mmoja umwambie. Usingoje miaka hamsini.

Na sisi tulikuwa na toba yetu. Tulirudisha chumba cha chekechea kwa watoto, tukapeleka daftari la mapato kwa mtunza hazina. Tuliwaomba wazee radhi mbele ya washarika wote. Hatukusema kwamba kuanza ibada kwa wakati ni kosa. Bado tunaamini saa tatu ni saa tatu. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kuna mambo mawili tu, kumngoja aliye nyuma au kumwacha. Lipo la tatu, nalo ni kwenda kumchukua. Sasa kila Jumapili saa moja na nusu, saa ileile tuliyokuwa tukiimba peke yetu, vijana wanaendesha baiskeli hadi upande wa mtoni. Tuna tatu zenye viti vya nyuma, na pikipiki moja kwa ajili ya bibi anayechechemea, ambaye mwanzoni aliogopa na sasa analalamika kwamba dereva anakwenda taratibu mno.

Pengine katika usharika wenu nako kuna mtu anayewachelewesha. Kabla hamjaanzisha ibada nyingine, muulizeni anamtazama nani njiani.

Mzee bado anasimama mlangoni, lakini nyundo amemkabidhi mpiga ngoma. Siku nyingi kengele ya pili hulia saa tatu kamili na mabenchi ya mbele yamejaa vitenge. Jumapili moja mwezi uliopita mnyororo wa baiskeli ulikatika kule mtoni. Saa tatu ilifika, mpiga ngoma akainua nyundo, akatazama ndani, akahesabu vichwa. Kisha akatugeukia sisi wa kwaya akasema, "Yule bado."

Tukangoja.